Pointi Mbili Ambazo Sikuzigusa

Jamaa wa timu pinzani alikuwa anautaja mchezo wetu kwa sauti kabla mimi sijaupokea mpira.

Na hakuwa anabahatisha. "Kulia! Anapewa Jamar, kulia!" Na kweli, mpira ulikuwa wa Jamar, na ulikuwa unaenda kulia.

Naitwa Wade Tollefson. Haya yalinikuta Iowa, Marekani, kwenye chuo kidogo kilichozungukwa na mashamba ya mahindi, Jumamosi moja ya Novemba, mchana, baridi ya kukata masikio. Tulikuwa tunacheza mpira wetu, ule wa kubeba mikononi na kugongana. Mechi ya mwisho ya msimu. Ukishinda unaingia mtoano. Ukifungwa, unarudi kwenu ukale bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani huku wajomba wakikusimanga.

Mimi nilikuwa kwotabeki wa tatu.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila mchezo, yaani kila shambulio moja, unapoanza, halafu anautupa, anamkabidhi mwenzake, au anakimbia nao mwenyewe. Kwotabeki wa tatu maana yake ni kwamba huchezi.

Miaka miwili ya kwanza kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kupunga mikono. Kocha anachagua mchezo, mimi naufanyia ishara, walio uwanjani wanaisoma. Gusa kidevu, piga goti, shika mkanda. Mama alikuwa anawaambia majirani kwamba nimeenda chuo kusomea kuongoza ndege.

Mwaka wa tatu wakanihamisha. Ishara zikabadilishwa zote, mpungaji akawa mwingine, mimi nikapewa kazi ya kuigiza kwotabeki wa wapinzani mazoezini, ili mabeki wetu wapate mtu wa kumponda.

Nilipondwa haswa.

Basi siku hiyo kwotabeki wa pili alikuwa kitandani na homa. Nolan, kwotabeki wetu wa kwanza, akaangukiwa mguu mechi ikiwa inaishia, matokeo sare. Sauti aliyotoa, wote tulijua msimu wake umeisha. Akabebwa.

Kocha Vogel akageuka kuangalia benchi. Macho yakapita kwa huyu, yakapita kwa yule, yakanifikia, yakapita, yakarudi.

"Tollefson. Vaa helmeti."

"Mimi, Kocha?"

"Kwani kuna Tollefson mwingine hapa?"

Nikaingia. Nikaambiwa nipokee mpira nipige goti, muda uishe. Nikapokea, nikapiga goti. Watu wakanishangilia kama mtoto aliyejifunga kamba za viatu mwenyewe.

Sare. Sasa ikaja nyongeza.

Kocha akatukusanya. "Wanaanza wao, yadi ishirini na tano kutoka mstari wetu wa mwisho; wakiuvuka na mpira ni pointi sita. Wakimaliza, tunapewa na sisi nafasi yetu, umbali uleule. Wade, ishara mpya unazijua?"

"Nusu nusu, Kocha."

"Achana nazo. Turudi kwenye zile za zamani. Zile unazijua hata ukiwa usingizini, au siyo?"

"Ndiyo, Kocha."

Wote tukaitikia kwa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Curtis.

Curtis Odom alikuwa beki wetu, na mwenzangu wa chumba miaka yote miwili ya kupunga mikono. Nilikuwa nafanya mazoezi ya ishara mbele ya kioo, yeye kakaa kitandani ananipima. "Hilo goti umelisahau, mwanangu. Rudia." Kiangazi akahamia chuo kingine, alikoahidiwa namba ya kudumu.

Chuo chenyewe kilikuwa hiki cha jezi za kijani tulichokuwa tunacheza nacho. Na Curtis ndiye aliyekuwa kiongozi wa mabeki wao.

Wao wakaanza. Wakavuka mstari, wakapiga na teke la pointi moja ya ziada. Pointi saba.

Zamu yetu.

Nikaangalia pembeni, nikasoma ishara za Kocha, nikawaambia wenzangu, tukajipanga. Hapo ndipo nikamsikia.

"Kulia! Anapewa Jamar, kulia!"

Jamar Whitlow, mkimbiaji wetu, alifika kulia akakuta ukuta wa watu wanamsubiri kama wageni wa harusi.

Mchezo wa pili. "Kushoto sasa! Jamar tena, kushoto!"

Tukarudishwa nyuma yadi kadhaa. Curtis akapita karibu yangu, akanigonga helmeti taratibu.

"Vipi, mwanangu? Kile kioo bado kipo?"

Ndipo ikaniingia. Siyo kwamba walikuwa wametusoma. Tulikuwa tunawasomea sisi wenyewe, kwa sababu yangu.

Nikaomba muda, mchezo usimame kidogo. Kwenye nyongeza unapewa mara moja tu, ukishautumia umeutumia. Nikakimbia mpaka kwa Kocha.

"Kocha, Curtis anazijua ishara! Zote!"

Ngoma za bendi zinapigwa, jukwaa zima linapiga miguu chini. Kocha akanisogezea sikio.

"Nini?"

"Curtis! Anajua!"

"Usimwogope Curtis! Na usifikirie sana! Soma, cheza!"

"Kocha, nisikilize..."

"Wade! Nenda!"

Mwamuzi akapuliza filimbi. Nikarudi uwanjani.

Sijui kama umewahi kufungiwa mahali ambapo kila mlango unaoushika, mtu keshafika upande wa pili. Ndivyo nilivyojisikia. Kutii ishara, Curtis yupo. Kutoitii, nimepindua agizo la Kocha. Na helmeti ile ilikuwa ya kuazima, inanibana mashavu, pumzi yangu yote inanirudia usoni.

Mchezo wa tatu ulikuwa wa kutupa.

"Anatupa! Anatupa!"

Wakanijia wote. Nikainua mkono, mtu akanigonga kiwiko, mpira ukanitoka ukapaa ovyo kama kuku aliyerushwa juu ya paa. Ukaanguka kwenye helmeti ya beki wa kijani. Ukaruka. Ukatua kifuani kwa Pete Oleson, jitu letu zito lisilokimbia, aliyetumwa mbele mpaka mstarini kuwavuta mabeki, na hata hakuwa ameugeukia mpira. Pete akaukumbatia kama mtu aliyedakishwa mtoto, akaanguka nao kifudifudi.

Kaanguka ng'ambo ya mstari.

Pointi sita!

Uwanja ukalipuka. Mimi nipo chali, naangalia mawingu, namuuliza Mungu kama ameona alichokifanya.

Sasa tupo sita kwa saba. Kuna njia mbili. Unapiga teke la kawaida, unapata moja, mnakuwa sare, mnaingia nyongeza ya pili. Au unaweka mpira yadi tatu tu kutoka mstarini, unajaribu mara moja kuuvusha. Ukifaulu ni pointi mbili, umeshinda. Ukishindwa, kwaheri.

Kocha akanyanyua vidole viwili.

Nilimwelewa kabisa. Ukiwa na kwotabeki kama mimi, kila dakika inayoongezeka ni dakika ya kuumbuka. Ungefanya nini? Unamaliza biashara wakati bahati bado ipo upande wako.

Ila ishara ikaja. Kidevu. Goti. Mkanda.

Kwotabeki anakimbia nao mwenyewe, kulia.

Mimi.

Nikageuka kumtazama Curtis. Naye alikuwa anaangalia pembeni kwetu, kule kule nilikotoka kuangalia. Akatabasamu, akanyoosha kidole kifuani kwangu.

"Ni Wade! Ni yeye mwenyewe, anaenda kulia!"

Muda wa kuomba haupo. Saa ya kuanza mchezo inakimbia. Tukajikusanya kwenye duara.

Senta wetu, yule anayeinama na kumrushia kwotabeki mpira kupitia katikati ya miguu, ni Hank Brouwer. Mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, shingo hana. Akanikamata chuma cha mbele ya helmeti akanivuta.

"Sikiliza. Kocha aliniambia kabla ya nyongeza, tukifika kwenye pointi mbili, Wade asipewe mpira."

"Nini?"

"Naupitisha pembeni yako, unaenda kwa Jamar. Jamar, kata kushoto. Wade, wewe kimbia kulia kama unao. Watakufuata wote."

"Kocha amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Jamar akaangalia viatu vyake.

Aisee, iliniuma. Nimepigwa na majitu mazima mwaka mzima, hakuna pigo lililoniuma kama lile. Ina maana Kocha alikuwa na mpango tangu mapema, akamwambia senta, mimi mwenye mpira akanificha. Nimewekwa pale niwe chambo. Na ile ishara aliyonifanyia, kumbe ananichezea na mimi.

Ningeweza kukataa? Sekunde zinaisha. Curtis anasubiri. Nyuma yangu kuna maelfu ya watu, na kati yao mama yangu amesimama, mikono mdomoni.

Nikajikaza kisabuni. Tukajipanga.

Mpira ukatoka kwa Hank. Nikauona unapita pembeni ya nyonga yangu, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningeukamata. Nakuambia ukweli, vidole vilicheza.

Sikuukamata.

Nikakunja mikono tumboni kama mtu aliyebeba kitu cha thamani, nikakimbia kulia kwa nguvu zote nilizopewa na mama.

Curtis akanijia akiwa kaniangalia mimi tu. Alinipiga kifuani, miguu ikaacha ardhi. Nikatua kwa mgongo. Juu yake akaja mwingine, na mwingine. Giza. Nyasi mdomoni. Siwezi kuvuta hewa, siwezi kusogeza hata kidole, uso wa Curtis umegandana na wangu, chuma kwa chuma. Mikono yake inanipapasa tumboni, inatafuta.

"Mpira uko wapi?"

Nikatema nyasi.

"Wade! Mpira uko wapi?"

"Sinao."

Nikayaona macho yake yanabadilika. Halafu nikausikia uwanja. Kwanza kama mvua inayokuja kwa mbali, halafu ukatuangukia wote.

Jamar alikuwa amepita kushoto peke yake. Hakuguswa na mtu.

Curtis alibaki amenilalia kidogo, mzito. "Umenipata, mwanangu," akasema. Akanyanyuka, akanivuta mkono, akaondoka bila kugeuka.

Watu wakamwagika uwanjani. Nikabebwa juu juu. Kocha Vogel akanifikia, analia machozi kabisa, akanikamata mashavu.

"Mtoto wewe! Mimi nimekupa mpira ukimbie nao, wewe ukabadilisha! Mbele ya watu wote hawa! Nani kakufundisha?"

Nikacheka. Halafu nikaacha.

"Kocha, si ulimwambia Hank..."

"Nimwambie Hank nini?"

Nikamtafuta Hank kwa macho. Alikuwa anafungua kamba za glavu taratibu mno, kama kazi ngumu kuliko zote duniani.

"Hamna kitu, Kocha."

Baadaye tukapewa chakula kwenye ukumbi wa mazoezi, maharage ya pilipili na nyama, na mkate wa mdalasini. Kila anayepita ananipiga mgongo, na mgongo wenyewe hauna hali. Nikamkuta Hank kwenye kona, ana sahani mbili.

"Kocha hakukuambia kitu."

"Hakuniambia."

"Ulinidanganya."

"Sana tu."

"Kwa nini?"

Akamaliza kutafuna kwanza. "Ulipoona ile ishara, uso wako ulikwisha. Curtis ameshatangaza ni wewe, na bado ungeenda. Ungemwingia kifuani na mpira mkononi, kwa sababu pembeni wamesema."

"Ungeniambia basi kwamba wazo ni lako!"

"Ungelikubali?"

Nikakaa chini. Nikajiuliza kweli kweli. Kuacha agizo la Kocha kwa sababu Hank Brouwer kapata wazo?

"Ningekataa."

"Haya. Kula, yanapoa."

Ndiyo hivyo. Kocha, ambaye nilidhani amenidharau, ndiye aliyeniamini akanikabidhi mchezo mzima. Rafiki yangu ndiye ambaye hakuniamini. Na tulishinda kwa sababu yeye hakuniamini.

Ungedhani imeishia hapo. Wapi! Jumatatu Kocha akaniita ofisini, kachangamka, akaniambia mechi ya mtoano naanza mimi. "Kichwa kama chako sikukijua."

Nikaona mlango mwingine unafungwa. Nikinyamaza, natembea na sifa ya mtu mwingine mpaka siku itakayoniumbua. Nikimtaja Hank, sheria ya Kocha ilikuwa inajulikana: anayepindua agizo lake anakaa benchi, hata awe nani.

"Kocha, sikubadilisha mimi. Wazo halikuwa langu."

"La nani?"

"Hilo siwezi kusema."

Akavuta kiti. "Kaa. Tunaanza ishara mpya. Na huyo usiyeweza kumsema, akikuambia kitu uwanjani, msikilize."

Mechi ya mtoano tulichapwa vibaya, sitawadanganya. Lakini nilicheza mwanzo mpaka mwisho, na kila mpira uliotoka kwa Hank ulikuja mikononi mwangu.

Funzo nililolipata ni hili. Mtu akikunyima mpira, usikimbilie kusema anakudharau. Huenda siku hiyo ni yeye peke yake aliyekutazama vizuri usoni.

Ila na wewe Hank, najua huwa unasoma humu. Siku nyingine niambie ukweli. Kama ni kukataa, nikatae mwenyewe.