Ripoti ya Bima ya Albania

Nilikuwa mchambuzi katika kampuni ya bima huko West Bay, Doha, meneja aliponipa siku tatu niandike iwapo tufungue tawi Albania. Alitaka kusikia ndiyo, na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha.

Takwimu zilipendeza: magari yalikuwa yakiongezeka, na kila gari lazima likatiwe bima. Lakini nyumba nyingi hazikuwa na bima, na meneja aliziona kama shamba lisilolimwa. Nikamuuliza dada wa mapokezi, mzaliwa wa Albania, kwa nini mama yake hakati bima ya nyumba.

"Tetemeko lilibomoa ukuta wa jirani yetu," akasema. "Alilipwa akiwa ameshachoka kudai. Mama aliyaona yote."

Nikaandika kwamba soko litakua, ila polepole, na litamfaa atakayelipa fidia upesi. Meneja aliisoma ripoti mbele yangu.

"Kwa hiyo tusiende?"

"Twende, bosi, lakini tusitarajie faida mapema."

Akaahirisha mpango kwa mwaka mzima. Mkataba wangu mpya ulisainiwa wiki mbili baadaye.