Siku Mama Bango Alipofunga Mdomo

Katika idara ya elimu ya wadudu kulikuwa na mhadhiri mmoja ambaye jina lake la vyeti walilijua watu wa mishahara peke yao. Wengine wote, kuanzia mkuu wa idara hadi mlinzi wa getini, walimwita Mama Bango. Jina hilo lilitokana na kazi aliyojitwika mwenyewe, hakutumwa na mtu. Kila mwaka alichagua wanafunzi wa shahada ya kwanza, akawahangaikia ufadhili, akawafunza, kisha akawapeleka kwenye mkutano wa wanasayansi. Huko kila mmoja husimama kando ya bango linaloeleza utafiti wake, na wataalamu wanaopita humuuliza maswali. Ukimwona Mama Bango anakatiza uwanjani na bomba refu la plastiki begani, basi jua ndani yake mna bango la mtoto wa watu.

Mwema alikuwa mwema, hilo nani abishe? Kiatu cha mwanafunzi kikiachia soli, yeye ndiye aliyekipeleka kwa fundi. Asiye na koti alivalishwa la mumewe, na mume alishachoka kuuliza koti liko wapi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni mdomo. Mwanafunzi akiulizwa swali, hajameza hata mate, Mama Bango kashajibu. Tena anajibu vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Wanafunzi wakabaki wamesimama wanatabasamu, kama watu waliokuja kupigwa picha.

Tusimwonee lakini. Alipokuwa mwanafunzi, yeye mwenyewe aliwahi kusimama mbele ya bango lake peke yake, mwalimu wake yuko nje anapiga soga. Akaulizwa swali, ulimi ukamganda, akaishia kulia chooni. Siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeachwa vile. Ndiyo maana alijibu yeye, na kila alipojibu alijiona amemwokoa mtu.

Mfuko uliokuwa ukilipa nauli na malazi haukuliona jambo hilo hivyo. Mtu wao alihudhuria mkutano wa mwaka uliopita, akarudi na habari kwamba wanafunzi hawakusema kitu, aliyesema ni mwalimu. Mfuko ukamwandikia Mama Bango bila kumung'unya maneno. Safari hii wangemlipia mwanafunzi mmoja tu, wa majaribio, na mkaguzi angekuja kumsikiliza. Akijieleza mwenyewe, mpango utaendelea. Asipojieleza, ndiyo basi tena, na mwakani hakuna mwanafunzi wa kwenda popote.

Na mwenye utafiti mzuri kuliko wote mwaka ule alikuwa nani? Kimya. Binti wa mwaka wa tatu ambaye wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hata kuitika mahudhurio hakuitika, aliinua kidole.

"Umekosa mwingine kabisa?" mwalimu wa mimea alimuuliza Mama Bango. "Hebu liache bango liende peke yake, yatakuwa yale yale."

"Cheka tu," alisema Mama Bango. Moyoni hakuwa na raha hata kidogo.

Utafiti wa Kimya ulikuwa rahisi kuelewa na mgumu kufanya. Alipanga ndoo za rangi mbalimbali nyuma ya mabweni, akatia maji, akawa anakagua ni zipi mbu wanazipenda kutagia mayai. Nyeusi ziliongoza, za rangi nyeupe zikaambulia patupu. Msimu mzima binti aliinama juu ya ndoo zile na lenzi yake, na wapita njia wakadhani amepoteza hereni.

Mazoezi yakafanyika nyumbani kwa Mama Bango, sebuleni, bango limeegemezwa kwenye kabati la vyombo. Aliyewekwa kitini kama mtaalamu ni mama mkwe wake, bibi ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake. Mama Bango alimchagua kwa makusudi, maana kwa bibi yule huwezi kunong'ona ukaponea.

"Shikamoo, bibi," alianza Kimya. "Utafiti wangu unahusu mbu na..."

"Sijasikia."

"Unahusu mbu na rangi za..."

"Mwanangu, unaongea na mimi au na vifungo vyako?"

Kimya akapaza sauti kidogo. Bibi akaitikia kwa kichwa, akauliza, "Kwa nini weusi? Mbu naye ana rangi anayoipenda?"

"Wanatafuta mahali penye giza, Mama," sauti ya Mama Bango ilitoka jikoni, "wanaona kama ni maji yaliyojificha, mayai hayataonekana na..."

Bibi akageuka. Kumbe sauti ya mkwe wake aliisikia vizuri sana. "Wewe ndiye uliyepanga ndoo?"

"Hapana, Mama."

"Basi mwache aliyepanga aseme."

Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni. Kimya anaanza, bibi anauliza, Mama Bango anachomoka jikoni na mwiko mkononi kujibu. Sauti ya binti ilikuwa inapanda siku hadi siku, na macho yake yakaanza kutoka sakafuni. Lakini Mama Bango akitokea tu, Kimya ananywea, anajibanza kando ya bango. Bibi akaliona, na siku ya kuondoka akamvuta mkwe wake pembeni.

"Huyu mtoto hana ubaya. Mwenye shida ni wewe."

Maneno yale yalimuuma Mama Bango kwa sababu alijua ni kweli.

Bibi akafungua pochi, akatoa tofi, zile kubwa za kunata. "Marehemu baba yenu alikuwa hajui kunyamaza vikaoni. Watoto wake wanadhani alikuja kuwa na hekima uzeeni. Hekima gani? Nilikuwa nampa hizi. Swali likija, tia mdomoni, usitafune."

Ukumbi wa mkutano ulikuwa mkubwa, wenye harufu ya zulia jipya, na mbao za mabango zilipangwa safu kwa safu. Kimya alibandika bango lake, akalinyoosha, akalinyoosha tena wakati halikuwa na kosa. Mama Bango alisimama kando yake, tofi mkononi. Mkaguzi walishaonyeshwa asubuhi: mama wa makamo mwenye sweta jekundu, profesa wa mambo ya maji. Sasa sweta lile lilikuwa linakuja polepole, bango kwa bango, na mwisho likasimama mbele yao.

"Haya, nieleze," alisema mkaguzi.

Mama Bango akatia tofi mdomoni.

Kimya alianza kwa sauti ndogo. Kisha, sijui alimkumbuka bibi, akavuta pumzi na kupaza sauti mpaka watu wa mabango mawili matatu wakageuka. Akaeleza ndoo, akaeleza mayai, akaonyesha kwa mikono namna mbu anavyotua ukingoni mwa maji. Alipofika katikati akamwinamia mkaguzi na kuuliza, "Unanisikia vizuri, bibi?"

"Nakusikia, mjukuu wangu," alisema mkaguzi, na watu wakacheka. Kimya naye akacheka, na kicheko kile kilimlegeza mabega.

Ndipo likaja swali lenyewe. "Ndoo nyeusi hushika joto kuliko nyeupe. Umejuaje kwamba mbu walifuata rangi, si joto?"

Kimya akalitazama bango lake. Mama Bango jibu alikuwa nalo, limejaa kinywani pamoja na tofi: ndoo zote zilikuwa kivulini! Alijikaza kisabuni. Aliuma ile tofi kwa hasira, akasahau alikuwa ameambiwa asitafune, na meno ya juu yakagandana na ya chini. Akamtazama binti, akaiona midomo yake inacheza, akajua kwamba hapo ndipo yeye huingilia kila siku. Alitamani kulia.

"Ndoo zote niliziweka kivulini," alisema Kimya polepole. "Kwa hiyo nadhani tofauti ya joto ilikuwa ndogo. Lakini maji yenyewe sikuyapima, siwezi kukudanganya. Nikirudi nitaanza na hilo. Nitatafuta kipimajoto, nirudie upya."

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake. "Nimezunguka ukumbi huu mzima, wewe ndiye wa kwanza kuniambia jambo ambalo hukulifanya. Vizuri sana." Kisha akamgeukia Mama Bango. "Na wewe ndiye mwalimu wake. Niambie, mwakani ungependa kuleta wanafunzi wangapi?"

Swali ambalo Mama Bango alilisubiri mwaka mzima! Akafungua mdomo, mdomo ukakataa. Akavuta, tofi ikavuta. Akatoa sauti moja tu, ya mtu aliyefungwa kitambaa. Hakuwa na la kufanya, akainua mkono na kukunjua vidole vyote vitano. Kisha tamaa ikamshika, akainua na mkono wa pili.

"Anaomba kumi," alisema Kimya.

"Kumi ni wengi. Tutaanza na sita." Mkaguzi aliandika, halafu akamsogelea binti na kuuliza chinichini, "Mwalimu wako huwa haongei?"

Kimya alimtazama Mama Bango, ambaye alikuwa anatokwa na machozi, mashavu yamevimba na vidole bado viko juu.

"Ni mpole kidogo," alisema. "Tunamzoesha taratibu."