Hita Niliyoikataa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msicheke mpaka nimalize, maana aibu ni yangu na mpaka leo nikipita sebuleni naangalia chini.

Nyumba hii ya mwanangu Salim, hapa Oxon Hill ughaibuni, ina mabomba ya maji moto chini ya sakafu, na fundi alipokuja kuyatazama alisema sebule ina vioo upande mzima, siku ya baridi kali sakafu peke yake haitotosha, iwekwe na hita ukutani. Nikakataa mimi (nyumba ya mtoto, lakini mkubwa nani?), nikasema nyayo zangu zinaungua, hita ya nini tena. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, akaniambia, "Mama Salim, waache waiweke." Nikamwambia ateremshe miguu, atapata joto.

Msimu ule ule wa baridi akafariki.

Siku ya hitma yake theluji ilianguka, na wageni wetu hukaa chini, basi nikatandika mazulia yote ya nyumba, moja juu ya jingine, na chumba kilivyozidi kupoa ndivyo nilivyozidi kutandika, kumbe naliziba joto lenyewe lisipande. Watu wakasoma na makoti mwilini. Wifi yangu Bi Zuhura, aliyetoka Landover na magoti yake mabovu kuja kumwombea kaka yake, midomo inamtetemeka. Nikaona haya, nikaleta chetezo kikubwa, makaa tele na ubani juu, nikakiweka katikati (akili gani ile). King'ora cha moshi kikalia, watoto wakapiga kelele, tukatoka sote nje kwenye theluji na soksi, dua haijasomwa.

Kilipokuja kunyamaza, wengi walishaingia garini. Bi Zuhura alikuwa mlangoni anavaa kiatu, nikamsihi arudi tumalize. Hakunitukana.

"Wifi, kaka alinipigia simu akasema humu ndani anasikia baridi," akasema. "Nikamwambia, mwambie mkeo."

Akaenda zake. Dua tukaisoma sisi wa nyumbani tu.

Baadaye nikakaa kwenye kiti cha marehemu pale dirishani, ambapo mazulia hayakufika, nikateremsha miguu kama nilivyomwamuru yeye. Nyayo zilipata joto. Magoti na kifua, hapana.

Nikamwita Salim na wanawe wote, nikawaambia: "Kunjeni mazulia haya. Kesho fundi aitwe, hita iwekwe hapa hapa penye kiti cha marehemu, na mtu akisema anasikia baridi ndani ya nyumba hii, asibishiwe."