Tanuri la Bwana Mchoro

Jina la Bwana Mchoro tulimpa sisi mafundi, na si kwa heshima. Maisha yake yote ya kazi alikaa chumba cha nakala katika ofisi ya ramani, akitoa nakala za michoro ya watu wenye akili. Alipostaafu akatoka na rula, kalamu sikioni na mhuri aliojichongeshea mwenyewe. Tangu hapo hakuna banda la kuku mtaani lililojengwa bila yeye kupita na kutikisa kichwa.

Mama yake mzazi aliishi chumba cha uani. Kifua chake kilikuwa kibovu, na taka za nyumba nzima zilichomwa chini, hatua nne kutoka dirishani kwake. Daktari alisema wazi: moshi huu ukiendelea, mtamzika. Mtu mwingine angehamisha jalala. Bwana Mchoro akachora tanuri la kuchomea taka.

Aliniita nilijenge. Nakiri, mchoro ulikuwa mzuri, wa kutundika sebuleni. Ila bomba la moshi liliishia kimo cha kifua changu, sawasawa na lile dirisha.

"Mzee, bomba lipite paa," nikamwambia. "Moshi utaingia kwa mama."

"Wewe umesoma wapi, fundi?"

"Sijasoma. Nimechoma matofali miaka ishirini."

"Basi hapa unajenga, huchomi. Mchoro umeshagongwa mhuri."

Umeshagongwa mhuri! Na aliyeugonga nani? Kicheko kilinijia nikakimeza. Nikajenga: matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu badala ya saruji upande wa ndani ili usipasuke kwa moto, nondo za kubebea taka, tundu la hewa chini. Kazi safi. Nilijua itakuwaje, na bado nikajenga hivyo hivyo, nikingoja kwa hamu aumbuke.

Siku ya kuwasha alialika majirani, akavaa tai. Moto ukanguruma, na moshi wote ukatoka bombani ukapita moja kwa moja dirishani kama mwenye nyumba. Mama alitolewa nje amebebwa na mkwewe, mke wa Bwana Mchoro, macho yamemtoka, hata kukohoa hawezi. Hamu yangu ikaniisha.

"Vipande viwili vya bomba tu, mzee," nikasema. "Navileta sasa hivi."

Alikunjua mchoro mbele ya watu, akaupima kwa rula. Kisha akaenda kulipima dirisha.

"Kosa ni la dirisha," akasema. "Liko chini mno. Lizibe."

Nimekutana na wajinga wengi katika kazi hii, lakini wengi wao hunyamaza. Niliutupa mwiko chini. Mama, aliyekalishwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanishika mkono.

"Ziba, mwanangu," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Usimwaibishe mbele za watu. Ndiye huyo huyo niliye naye."

Akajikongoja kurudi chumbani, akasimama dirishani kwa ndani akinitazama nikipanga matofali. Ilipobaki nafasi ya tofali moja, akasogeza uso pale.

"Subiri kidogo," akasema.

Akavuta hewa ya nje, taratibu, mara moja, kisha mara ya pili.

"Haya, mwanangu."

Nikapachika tofali. Yule bwana ni mpumbavu, na mimi niliyejua kila kitu ndiye niliyeshika mwiko.