Mbao za mvule, vanishi sugu na mke anayetaka tiles: yaliyonikuta Mafubira

Wakuu, salaam. Leo naanika aibu yangu hapa bila kupunguza hata chembe. Mnicheke mkimaliza kusoma.

Mimi ni Mkenya, naishi Mafubira, Jinja. Kule Mbale kulikuwa na nyumba ya zamani inabomolewa, nikanunua mbao zake za sakafu. Mvule mtupu. Tatizo ni vanishi, tabaka juu ya tabaka, inang'aa kama kiatu cha afande.

Mke wangu Zainabu, Mnubi wa Mbale, alizitazama zikishushwa akauliza kama nimeleta kuni. Yeye alitaka tiles. Tukakubaliana hivi: mama yake anakuja Iddi. Kama sakafu haijakamilika, mbao zinaenda jikoni kweli na fundi wa tiles anaingia.

Nikaanza kwa mbwembwe, nikakodi mashine ya msasa. Ikapata moto, vanishi ikayeyuka, karatasi ikajaa gundi. Nikabadilisha, ikajaa tena. Nikaitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Jamaa mmoja wa Nalufenya anayepika sabuni akaniambia caustic soda inakula kila kitu. Kweli ikala. Vanishi ilitoka kama maganda ya ndizi, nikampigia mke simu kujisifu.

Aliporudi jioni mbao zilikuwa nyeusi tii.

Kumbe mvule na soda hazipatani kabisa! Mkono wangu wa kulia nao uliungua, maana glovu niliona ni mambo ya saluni.

Zainabu aliufunga mkono wangu, akapima sebule kwa hatua, halafu akampigia fundi wa tiles kuuliza bei. Wakuu, iliniuma kuliko mkono.

Bahati nzuri nilikuwa nimeharibu chache tu. Hizo nikaziosha kwa maji mengi, kisha siki, zikakauka, nikazipiga msasa. Weusi ukapungua, siyo wote.

Zilizobaki nikatumia dawa ya kutolea rangi, ile nzito kama uji. Unapaka nene, unafunika na kavera, yaani nailoni, isikauke kwa joto. Fungua madirisha, nenda kanywe chai. Ukirudi vanishi imekunjamana yenyewe, unaikwangua taratibu kufuata nyuzi za mbao. Futa na spirit, piga msasa kwa mkono, malizia na mafuta ya mbao.

Iddi ikafika, mbao zimeshapigiliwa sakafuni, sebule ina rangi ya asali. Nilijiona waziri.

Mama mkwe akaingia na zawadi: zulia la plastiki lenye maua mekundu. Kabla hajaketi akalitandaza sebule nzima, ukuta hadi ukuta. Utambishia nini mama mkwe siku ya Iddi?

Zainabu akatoka jikoni, akainama, akaanza kulikunja.

"Mama, hii tutaweka chumba ya kulala. Bwana yangu ameungua mukono juu ya hizi mbao. Wacha watu waone."

Nikatoka nje kidogo, nikasingizia moshi wa pilau.

Funzo: jaribu dawa kwenye kipande kimoja kwanza, vaa glovu, na soda waachie watu wa sabuni. Mliowahi kuondoa weusi wake kwenye mvule, nishaurini hapa chini. Kuna mbao tatu karibu na mlango bado zinanidhalilisha mbele ya wageni. Wenye matusi pia karibuni, ila yasimhusu mke wangu.