Kilichokuwa Ndani ya Obokano

Nilipokuwa mtoto kule Nyansiongo, hakuna aliyeamini kwamba babu yangu, Sokoro kama tulivyomwita, alikuwa na vidole hodari tu. Obokano yake, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, ilinguruma hadi wachuma chai wakasahau vikapu. Watu walisema ameficha dawa ndani. Sokoro hakukana wala kukubali. Alicheka tu, na mialiko ya harusi ikazidi.

Kisha akataka kubatizwa. Mzee wa kanisa akaja, akasema dawa ikipatikana, obokano itachomwa. Tundu la ngozi lilikuwa dogo, na mwenye mkono mdogo nilikuwa mimi, msichana wa miaka minane mwenye kimbelembele cha kutosha.

"Ingiza mkono, Kemunto," mzee akasema. "Usiogope, Yesu yuko."

Nikapapasa kila mahali. Utando wa buibui, vumbi, basi.

"Hakuna kitu," nikasema, na kwa kweli nilisikitika.

Sokoro akabatizwa mtoni. Mzee akatangaza habari kanisani, waumini wakaifikisha sokoni, na mialiko ikakatika. "Kumbe ni mti na ngozi tu!" walisema wale wale waliokuwa wakimwogopa. Sokoro akaacha kupiga hata nyumbani. Wanasema mdomo uliponza kichwa; wangu uliponza cha babu, nami niliumia sana.

Nikakata kifungo cha sweta yangu ya shule, nikakifunga kwa ganda la mgomba, nikakitumbukiza ndani. Kisha nikamnong'oneza shangazi Moraa, ambaye siri haikulala kwake:

"Shangazi, kuna kitu ndani. Mzee nilimdanganya."

Habari ilizunguka kila jiko isipokuwa la mzee wa kanisa. Kabla ya mwezi kuisha tuliitwa harusini Keroka. Sokoro alipoinua obokano, kitu kikagonga ndani: ko! Akanitazama. Nikaangalia chini. Akapiga, na sijasikia tena mngurumo kama ule. Hata mzee wa kanisa, mguu wake ulikuwa ukicheza chini ya meza.

Leo mimi ni mwalimu wa sayansi, na najua kifungo hakipigi muziki. Watu walirudi, na babu naye akapata moyo; hilo naweza kulieleza. Anayenishinda kumweleza ni mimi mwenyewe. Mimi pekee niliyejua kilichomo, nilisimama pale nimebana pumzi, nikimwomba Mungu kifungo kisidondoke, mngurumo ule usije ukakatika kabla wimbo haujaisha.