Kitufe Kisichokuwepo

Utanicheka, najua, na ucheke tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka watu wa visa vya mizimu. Nililelewa Mitaboni na mama mkali wa kanisani ambaye, ukimtajia mapepo, anakuuliza kama umemaliza kazi. Kwa hiyo hili sikuambii kwa kupenda hadithi. Nakuambia kwa sababu lilinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na kikombe cha chai mezani.

Ofisi yetu iko Machakos mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa la Hassan. Tunatengeneza programu ya zahanati. Akina mama wajawazito wanaandikishwa, halafu programu inawatumia ujumbe: siku yako ya kliniki imefika, au wewe usijifungulie nyumbani, njoo hospitalini mapema. Mle ndani kuna akina mama wa Muthetheni, wa Kathiani, hadi Mlolongo, na kundi la damu la kila mmoja, na nani alipasuliwa uzazi uliopita. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililokaribia kupotea mikononi mwangu.

Niliajiriwa kushika nafasi ya kijana aliyeitwa Kioko. Alikuwa amefariki kwa ugonjwa miezi michache kabla sijafika, na sikuwahi kumwona hata kwa picha. Mutinda, bosi wetu, alinikabidhi laptopu ya marehemu bila kuniangalia usoni. Ilikuwa nzima isipokuwa kitufe kimoja, kile cha pembeni kushoto, chini ya Esc. Kioko alikuwa amekimwagia chai kikang'oka. Palibaki tundu tu.

Kama hujui kazi yetu, ngoja nikueleze kidogo. Programu tunaiandika kwenye kihariri, na ndani ya kihariri hichohicho kuna dirisha jeusi la chini, linaitwa terminali, la kuipa kompyuta amri kwa maandishi. Ukishika Ctrl na kubonyeza hicho kitufe cha chini ya Esc, terminali inafunguka. Ukirudia, inajificha. Watu wenye mikono myepesi hawagusi kipanya siku nzima. Mimi sikuwa na kitufe, basi nilikuwa nahangaika na kipanya, nikipekua menyu kama mtu anayetafuta funguo kwenye kapu la mboga.

Siku hiyo nilikuwa nimeigawa terminali pande mbili. Kushoto ilikuwa nakala ya majaribio, yenye majina ya uongo. Kulia ilikuwa mashine halisi, yenye akina mama wenyewe. Pande zote mbili nyeusi, maandishi meupe, huwezi kuzitofautisha kwa kutupa jicho. Mutinda alikuwa ameenda Mlolongo kuonana na mteja, nimebaki peke yangu, na mvua ilikuwa inapiga mabati hadi redio ya Hassan haisikiki.

Nikasikia hodi. Akaingia mwanamume wa miaka thelathini hivi, suti ya kahawia, mpole wa uso.

"Wakya, dada," akanisalimia kwa Kikamba. "Naomba nikae hapa kidogo, mvua ikipunguka niende."

Nikamwonyesha kiti nyuma yangu. Sasa rudi hapo kwenye suti. Ilikuwa kavu! Viatu vilikuwa vinang'aa, na wewe unaujua udongo wa huku ukinyeshewa. Je, sikuona? Niliona. Lakini nilikuwa na haraka zangu. Nikamuuliza tu kama atakunywa chai. Akasema hapana, chai ilishawahi kumletea shida. Nikacheka kwa adabu nikarudi kwenye skrini.

Nilitaka kufuta majina yote ya majaribio nianze upya. Nikabofya upande wa kushoto, nikaandika amri ya kufuta kila kitu, nikapeleka kidole kwenye Enter.

"Soma kwa sauti kwanza," yule mgeni akasema.

Moto ukanipanda. Mtu ameletwa na mvua, sasa ananifunza kazi? Nikamjibu bila kugeuka, "Niko na kazi, kaka. Wacha nimalize." Nikashusha kidole.

Hapa uniamini. Kabla kidole changu hakijagusa Enter, mkono ulipita juu ya bega langu. Kidole kimoja kikashika Ctrl. Kingine kikaingia kwenye lile tundu. Na terminali ikajifunga! Enter yangu ikaangukia kwenye faili la programu, ikaongeza mstari mtupu, basi.

Kitufe hakipo, wewe! Pale pana tundu, mimi mwenyewe nilikuwa nalipangusa vumbi kila Jumatatu. Kidole kikaingia tena, terminali ikafunguka, na amri yangu ilikuwa palepale, haijatumwa.

"Soma."

Nikasoma. Nikaanzia mwanzo wa mstari, pale ambapo mashine huandika jina lake, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yanaparuka kila siku. Lilikuwa jina la mashine halisi. Kipanya hakikuwa kimeshika. Muda wote huo nilikuwa nikiandika upande wa kulia.

"Ngai!" nikapiga kelele. Ningewafuta akina mama wote. Nikageuka nimshike yule mtu mkono, na kiti kilikuwa kitupu.

Nikashuka ngazi mbio. Hassan alikuwa ameketi chini kabisa, kiti chake kimeziba njia, anajikinga na mvua.

"Hassan, yule mtu wa suti ameenda wapi?"

"Mtu gani, dada? Mimi niko hapa tangu mvua ianze. Hakuna mtu amepanda, hakuna mtu ameshuka."

Nikatazama ngazi. Tope la pale lilikuwa la viatu vyangu tu, la tangu chakula cha mchana.

Mutinda alirudi jioni nikamweleza yote. Alikuwa tayari kunigombeza kwa uzembe. Nilipofika kwenye "soma kwa sauti," akakaa juu ya katoni.

"Nani alikuambia hiyo maneno?"

"Si nakuambia, ni huyo mtu!"

"Hiyo ilikuwa sheria ya Kioko. Hapa hakuna mtu alikuwa anabonyeza Enter kabla asome kwa sauti. Alipokufa tukaacha. Ilikuwa inatuuma kuisikia." Akaniangalia usoni. "Suti ilikuwa rangi gani?"

"Kahawia."

"Mimi ndiye nilimnunulia," akasema. "Ya kumzika."

Tulikesha na hofu, na hofu ikaongezeka. Mutinda alienda kuangalia nakala za akiba na akakuta hakuna hata moja tangu wiki aliyokufa Kioko. Kumbe Kioko ndiye alikuwa akizitengeneza kwa mkono wake, na sisi wote tulidhani zinajitengeneza. Majina ya akina mama yalikuwa mahali pamoja tu, na kidole changu kilikuwa juu yake.

Baadaye nilimpelekea fundi ile laptopu. Akaifungua, akatikisa kichwa. "Waya za hapa ziliungua kitambo, dada. Hata nikikuwekea kitufe kipya hakitafanya kazi." Sikumweleza kitu. Nililipa nikaondoka, na laptopu mpya nimeikataa mara mbili.

Yuko mama mmoja wa Muthetheni, Mwikali, aliyepaswa kupata ujumbe kesho yake wa kuwahi hospitalini. Aliupata. Alipasuliwa salama, na mtoto yuko mzima. Nikiona jina lake kwenye skrini nalisoma kwa sauti.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi hii, angalia uko upande gani kabla hujafuta kitu. Soma kwa sauti, hata vijana wa ofisini wakuite wa darasa la kwanza, kama wanavyoniita mimi. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu mle ndani. Nikasoma amri ndefu hadi mwisho, kidole kiko juu ya Enter. Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Sawa. Bonyeza."

Na wewe ukijibiwa hivyo, bonyeza. Usigeuke.